Kampeni ya Kuiamsha Ardhi

Kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo jua huenda likizo miezi ya baridi bila kumwomba mtu ruhusa, ipo nchi yenye serikali makini kupita kiasi. Nasema makini, wala sitanii. Huko mvua hainyeshi kabla Wizara ya Mawingu haijatoa taarifa. Ikinyesha mapema, huitwa umande mzito mpaka taarifa itoke.

Nchi hiyo imekaa juu ya ardhi iliyoganda. Sizungumzii theluji ya juu, maana hiyo huja na kuondoka kama wageni wengine. Nazungumzia udongo wenyewe, ambao chini ya nyasi umekuwa mgumu kama jiwe tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Juu yake watu wamejenga nyumba, shule, magereza ya kutosha na sanamu za kiongozi wao, Mtukufu Mlezi. Kwa miaka yote hiyo ardhi haikuwahi kulalamika. Ndiyo maana ikaundiwa wizara.

Waziri wa Ardhi na Uthabiti wake aliitwa Iskari Pelmo, mtu mpole wa makamo, mwenye shahada kubwa ya elimu ya udongo. Nasikitika kusema kwamba alikuwa anaijua kazi yake. Katika baraza lile jambo hilo lilikuwa kama kilema. Waziri wa Afya alikuwa fundi magari, Waziri wa Uvuvi alikuwa anaogopa maji, nao wote walilala usingizi mnono. Iskari peke yake ndiye aliyekuwa akinywa dawa za tumbo.

Alizaliwa Ulmeva, mji mdogo kando ya ziwa, ambako mama yake, Bi Marjuka, alikuwa bado anaishi. Bi Marjuka alikuwa na kundi la kulungu wa theluji, wale wanyama wenye pembe kama matawi makavu, akilichunga pamoja na mdogo wake wa kiume aitwaye Peltu. Mwanzo wa kiangazi kimoja Waziri alikwenda kumsalimia. Walikuwa wamekaa jikoni, supu ya samaki ikichemka, mara sufuria ikaanza kutembea. Ilitembea taratibu juu ya jiko, kama mtu anayetoroka mkutano, ikafika ukingoni, ikaanguka.

"Hiyo ni ya tatu wiki hii," Bi Marjuka alisema, akachukua tambara.

Iskari aliinama, akaweka kiganja sakafuni. Nyumba ilikuwa imeegemea upande wa ziwa.

"Ni hali ya kawaida ya msimu, mama. Wataalamu wanaifuatilia kwa karibu."

"Iskari."

"Naam, mama."

"Mimi ndiye niliyekuogesha. Usinihutubie."

Waziri akainuka. Akachukua tambara lingine, wakafuta supu pamoja. Alitaka kumwambia ukweli, lakini dereva wake alikuwa mlangoni, na kazi ya pili ya dereva wa waziri katika nchi ile ni kusikiliza.

* * *

Serikali ile haikushtushwa na sufuria ya Bi Marjuka. Ilishtushwa na sanamu.

Katikati ya soko la Ulmeva palikuwa na sanamu ya Mtukufu Mlezi, kidevu juu, mkono mmoja ukielekeza kwenye mustakabali. Udongo ulipolegea, sanamu ilianza kuinama. Iliinama kidogo kidogo hata ikawa dhahiri kwamba Mtukufu Mlezi anawapa shikamoo wauza samaki. Wauza samaki, ambao ni watu wenye adabu, wakaanza kumwitikia marahaba.

Baraza la mawaziri likaitishwa kwa dharura.

"Iskari," alisema Mtukufu Mlezi, kwa sauti ile ya upole ambayo huwafanya watu wakumbuke watoto wao, "sanamu yangu inamwinamia nani?"

"Haimwinamii mtu, Mtukufu. Ni udongo chini yake unayeyuka."

"Kwa idhini ya nani?"

Hapo ndipo Iskari alipofanya kosa ambalo mtu msomi hulifanya mara moja tu maishani. Alieleza.

"Mtukufu, kila kiangazi mimea yetu huota mbio mbio kwa sababu muda ni mfupi. Huvuta hewa ukaa, ikajijengea majani na mizizi. Baridi ikirudi, hufa. Kwingine duniani mimea ikifa huoza, na ile kaboni yake hurudi angani. Kwetu haiozi sawasawa, baridi hairuhusu. Hufunikwa, ikaganda. Mwaka juu ya mwaka, maelfu ya miaka. Ardhi za namna hii, zetu na za jirani zetu, zimeshika kaboni nyingi kuliko iliyo hewani kote. Sasa dunia imepata joto, kwa moshi wetu na wa wenzetu. Udongo ukiyeyuka, vijidudu vinaamka, vinaanza kula yale mabaki, na vikila vinatoa gesi. Gesi hiyo inaongeza joto, na joto linazidi kuuyeyusha udongo. Ikishika kasi, hakuna atakayeweza kuizuia."

Waziri wa Afya alikuwa ameandika neno moja, "vijidudu", akalipigia mstari.

"Nieleweshe," alisema Mtukufu Mlezi. "Unasema chini ya nchi yangu kuna akiba kubwa kuliko yote, imelala maelfu ya miaka?"

"Si akiba ya kutumia, Mtukufu, ni..."

"Imelala au haikulala?"

"Imelala."

"Na hivyo vijidudu vimeamka, viko kazini?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi vijidudu vina uzalendo kuliko wizara yako! Miaka yote hii nimetawala juu ya ardhi mvivu, na hakuna aliyeniambia!"

Iskari alifungua mdomo. Lakini wenzake walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na mdomo uliofunguka wakati wa makofi hauna budi kutabasamu. Akatabasamu. Jioni ile ile redio ya taifa ikatangaza Kampeni ya Kuiamsha Ardhi, mbunifu wake Mheshimiwa Iskari Pelmo, na Ulmeva, mji wake wa kuzaliwa, ukapewa heshima ya kuwa wa kwanza kuamshwa.

* * *

Mimi si mtaalamu, nasimulia tu yaliyotokea.

Ardhi ya huko hufunikwa na mimea mifupi, laini, iliyoshonana kama zulia. Kiangazi zulia hilo huzuia joto lisishuke chini. Waziri wa Uhamasishaji aliuliza redioni: nani anaweza kuamka akiwa amefunikwa blanketi mpaka usoni? Hakukuwa na jibu, kwa kuwa kipindi hakikuwa na nafasi ya majibu. Wananchi wakagawiwa majembe na fulana zenye maneno ARDHI IAMKE, TAIFA LISILALE. Wakalibandua zulia kilima baada ya kilima. Chini yake udongo mweusi ukaonekana, ukitoa mvuke juani kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Kisha zikaja tingatinga, zikachimba mifereji ili jua lifike ndani zaidi. Kisha ikaja barabara ya lami, nyeusi tii, kutoka makao makuu, kwa ajili ya viongozi waje kuona namna ardhi inavyoamka.

Na kweli iliamka. Uwanja wa shule ukashuka, ukawa bwawa. Nguzo za umeme zikalala huku na huku kama walevi. Ziwa likaanza kuchemka bila kuwa la moto, mapovu yakipanda kutoka chini mchana kutwa. Kila kilichotitia kiliandikwa kwenye safu ya mafanikio.

Siku ya uzinduzi Iskari alisimama ufukweni na mwenge mkononi, kwa kuwa wataalamu wa itifaki waligundua kwamba mapovu yale yanashika moto. Alijua ni methani, ile gesi ya vijidudu. Alijua pia kwamba methani ikiungua hudhuru kidogo kuliko ikiachwa ipande hivi hivi, na kwa wazo hilo dogo alijituliza, kama mtu anayejenga ukuta kwa mkate. Akauinamisha mwenge. Moto ulipanda juu kuliko minara ya redio, ukaondoka na nyusi zake zote mbili. Watu wakapiga vigelegele. Mtukufu Mlezi, akitazama kwa darubini kutoka mahali salama, alisema haya, nami nayanukuu kama yalivyotoka: "Hata maji yetu sasa yanang'ara! Ni nchi gani nyingine iliyofanikiwa kuliwasha ziwa?"

Bi Marjuka alimfuata mwanawe nyuma ya hema la wageni, akampaka mafuta ya samaki pale palipoungua.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Mama, nikijiuzulu ataletwa mwingine ambaye hajui kitu."

"Na wewe unayejua umefanya nini tofauti?"

Alikuwa na hoja, hoja nzuri tu, za kukaa ndani ili kupunguza madhara, lakini mbele ya mwanamke yule mwenye mafuta vidoleni hazikutoka.

"Mjomba wako anasema kwenye korongo la mto kingo zimebomoka," Bi Marjuka alisema. "Mizoga ya zamani imetokeza, ina manyoya yake bado. Kulungu wanalisha pale."

Iskari akamkamata mkono. "Mizoga ya lini?"

"Ya enzi za babu yake baba. Mwaka ule wa tauni ya kulungu."

"Mwambie Peltu awatoe leo. Leo hii, mama! Asiguse kitu. Hicho ni kimeta, kinaua mifugo na watu, na hakifi udongoni."

Alisema angeleta madaktari wa mifugo, na alimaanisha. Aliporudi makao makuu aliomba kwa mdomo, akaomba tena, akapiga magoti. Aliambiwa kwamba kutuma madaktari Ulmeva ni kukiri kwamba Ulmeva kuna ugonjwa, na ugonjwa hauwezi kutokea mahali penye kampeni.

* * *

Peltu aliwatoa kulungu, lakini walikuwa wameshalisha. Wakaanza kuanguka mmoja mmoja, damu puani. Yule mtu alikuwa amewalea tangu wakiwa ndama, kila mmoja na jina lake. Alikatazwa kuwagusa. Kulungu jike mmoja mzee, kiongozi wa kundi, alipolala chini akihema, Peltu alikaa naye na kumshika kichwa mpaka mwisho, maana, kama alivyomwambia dada yake, hakuna kiumbe anayestahili kufa kama gunia. Baada ya siku chache kidonda cheusi kikamtoka mkononi. Dada yake alimbeba kwenye gari la jirani, wakaiendea hospitali kwa ile barabara mpya ya lami. Barabara ilikuwa imebonyea katikati, imekuwa ziwa. Wakageuka. Peltu akafia njiani.

Wizara ya Afya ikatoa taarifa kwamba marehemu amefariki kwa uchovu wa kizalendo, na serikali ikaamua kumzika kwa heshima zote za kampeni. Ikatuma bendi, redio ya taifa ya kurusha matangazo moja kwa moja, na Afisa wa Shangwe. Huyu wa mwisho ni mtumishi muhimu sana huko. Husimama pembeni akiwa na kibendera cha kijani. Msemaji akifika mwisho wa sentensi, kibendera hupanda, na watu hushangilia. Asiyeshangilia hukumbukwa.

Zamani huko Ulmeva, kuchimba kaburi ilikuwa kazi ya siku nzima. Ilibidi kuwasha moto kwanza ili udongo ukubali jembe. Safari hii lilichimbika upesi kama shamba la viazi. Lakini kila walipochota maji, maji yalirudi. Jeneza lilipoteremshwa, likaelea. Lilisimama pale, likizunguka polepole, na vijana wawili wakapewa amri ya kulikandamiza kwa miti mpaka hotuba ziishe.

Waziri Iskari akapanda jukwaani kutoa hotuba aliyoandaliwa. Aliyetazama uso wake, uso usio na nyusi, alidhani anashangaa. Alimtazama mama yake. Bi Marjuka alikuwa anatazama ile miti miwili inayomkandamiza mdogo wake.

Iskari akaikunja hotuba, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema, "Peltu hakufa kwa uchovu."

Kibendera kikapanda. Makofi.

"Amekufa kwa kimeta kilichotoka ardhini, kwa sababu tuliiyeyusha wenyewe."

Kibendera. Makofi, na bendi ikagonga ngoma.

"Nilijua! Nilikuwa najua kila kitu tangu mwanzo, nikatabasamu!"

Vigelegele vikapasua anga.

"Acheni kupiga makofi! Nawaambia mji huu unazama! Chukueni watoto wenu mwende kwenye miamba! Mjomba wangu nimemuua mimi!"

Afisa wa Shangwe alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mtu wa kusikiliza. Sentensi ilikuwa imeisha, na kwa nguvu ya pekee. Akakitikisa kibendera kwa mikono miwili. Umati ukaruka, ukaimba jina la Waziri, mama mmoja akatupa kitambaa juu. Iskari alikuwa analia jukwaani mbele ya watu wote, na watu wote walikuwa wanamshangilia, wengine machozi yakiwatoka pia, mikono ikiendelea kupiga kwa sababu kibendera kilikuwa bado juu.

Ni mtu mmoja tu ambaye mikono yake ilikuwa imetulia. Alipanda jukwaani taratibu, akiishika nguzo, kwa kuwa jukwaa nalo lilikuwa limeanza kwenda upande. Akamshika mwanawe mkono.

"Nimekusikia," alisema Bi Marjuka. "Shuka sasa. Tumsaidie mjomba wako azame."

* * *

Makao makuu, redio ilikuwa imesikika vizuri. Huko hakukuwa na kibendera, kwa hiyo maneno yalieleweka.

Serikali nyingine ingemfunga mtu kama yule. Serikali ya Mtukufu Mlezi ina utu, ikatafuta njia isiyo na maumivu. Ilifuta Ulmeva kwenye ramani ya taifa. Mji usiokuwepo hauwezi kuzama. Hapakuwa na ziwa lililoungua, wala korongo, wala kimeta. Na kwa kuwa Iskari Pelmo amezaliwa Ulmeva, ikafuata kwamba hakuzaliwa, na mtu ambaye hakuzaliwa hawezi kuwa waziri, wala kusema maneno makaburini. Redio ikaeleza kwamba sauti iliyosikika ilikuwa mwingiliano wa mawimbi. Wizara yake ikakabidhiwa kwa fundi seremala, ambaye alianza kazi kwa kuagiza sanamu zote zifungwe minyororo.

Watu wa Ulmeva hawakupewa taarifa kwamba hawapo. Walianza kuelewa umeme ulipokatika na lori la unga lilipokoma kuja. Wengine walibaki, wakaweka mbao chini ya vitanda. Wengi walifanya kama alivyosema yule mtu jukwaani, maana ingawa walikuwa wanapiga makofi, masikio yao hayakuwa yamefungwa. Walibomoa nyumba ubao kwa ubao, wakapakia, wakaelekea kusini kwenye nchi ya miamba.

Iskari alivuta mkokoteni wa mama yake. Kulungu wa kuuvuta hawakuwepo tena. Alikuwa hajazoea, mikono ilichubuka siku ya kwanza, na Bi Marjuka, aliyekuwa anasukuma kwa nyuma, alimfunga vitambaa bila kusema neno. Kulikuwa na joto. Mbu walikuwa wengi kuliko miaka yote. Wakipita kwenye vilima vilivyobanduliwa zulia la mimea, walisikia harufu ya kitu kilichokaa kimya muda mrefu na sasa kimeanza kuoza, na Iskari alikuwa anaitambua harufu hiyo, akawa anaangalia chini tu.

Jioni moja wenzao wa safari walimuuliza Bi Marjuka kama amechoka. Alisema amechoka tangu sufuria. Wakaendelea.

Kwenye mpaka wa mkoa palikuwa na kizuizi, na kando yake kibanda kipya cha mbao kilichojengwa juu ya udongo. Askari kijana alitoka, akawasalimia kwa heshima.

"Mnatoka wapi?"

"Ulmeva," alisema Iskari.

Askari akaangalia ramani iliyobandikwa ukutani. Akaangalia tena, kwa kidole.

"Mzee, hakuna mahali panaitwa hivyo. Siwezi kumpitisha mtu aliyetoka mahali pasipokuwepo. Wewe umetoka wapi hasa?"

Iskari alifikiri. Alikuwa amechoka sana, akaitazama ile ramani kama mtu ambaye kweli hakuzaliwa popote. Bi Marjuka akajitokeza mbele, akajipiga tumbo kwa kiganja.

"Huyu ametoka hapa. Andika. Hapa bado hawajapafuta."

Askari alitazama tumbo la yule bibi, akatazama ramani, akatazama barabarani nyuma yao, ambako watu wengine walikuwa wanakuja na mbao vichwani, mstari mrefu usioisha. Akanyanyua mti wa kizuizi.

Walipokuwa wanapita aliwafuata hatua chache, akainamisha kichwa ili wenzake wasisikie.

"Shikamoo, bibi. Samahani. Huko kwenu, nyumba zilianzaje?"

"Marahaba. Ulianza mlango," alisema Bi Marjuka. "Siku moja unakataa kufungika. Unadhani ni bawaba. Unatia mafuta."

Kijana alikigeukia kibanda chake. Akarudi. Walikuwa wamefika mbali kidogo, Iskari akivuta, mama yake akisukuma, waliposikia mlango wa kibanda ukibamizwa. Ukafunguliwa. Ukabamizwa tena, kwa nguvu zaidi. Ukafunguliwa.